Kazi Kasumbalesa, nyumba Lubumbashi: uhame au usihame?

Ndugu, umeuliza hivi: unakaa Katuba, hapa Lubumbashi, na bibi (mke wako) na watoto, umepata kazi kwenye depo moja Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, sasa muhamie wote kule au uwe unaenda na kurudi? Mimi nimefanya kazi ya deklaran, mtu wa kujaza karatasi za forodha, pale mpakani miaka mingi, njia zote nimezipitia, acha nikujibu kwa kirefu.

Kwenda na kurudi kila siku, toa akilini. Watu wanahesabu kilomita, wanaona ni kama 90 tu, tena lami. Lakini barabara hiyo ndiyo inayobeba shaba ya Katanga kwenda Zambia hadi bandari za Durban na Dar es Salaam. Malori yakijipanga, foleni inakupokea mbali kabla hujaona mpaka. Siku njema unafika mapema. Siku mbaya unashuka kwenye teksi, unapita kwa miguu katikati ya malori, au unapanda pikipiki kwa bei anayotaka mwenyewe. Mkubwa wa kazi hatasikiliza habari za malori, hasa mwezi wa kwanza. Na kurudi usiku kwenye njia ile, mimi sikutakii.

Lakini kuhamisha nyumba nzima sasa hivi nako nakukataza, kwa sababu ya esai, yaani muda wa majaribio kazini. Kanuni ya kazi ya Kongo ya 2002 inaruhusu muda wa majaribio ufike miezi sita. Ni kibarua asiye na ufundi tu ambaye wake hauzidi mwezi mmoja. Kabla muda huo haujaisha, kazi bado si yako. Jirani yangu kule alileta mke, watoto, vitanda, kila kitu. Esai ikaisha, hawakumchukua. Nyumba aliyoiacha Lubumbashi ilikwisha kupata mpangaji mwingine, na mwenye nyumba wa Kasumbalesa akawa kila siku anamwambia arudi wiki ijayo kuhusu garanti, ile pesa ya dhamana aliyoweka alipopanga. Iliniuma sana, maana watoto walikatishwa shule katikati ya mwaka.

Kuhusu garanti yenyewe: sheria ya Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Wengi wanaomba zaidi, na komisioneri, dalali wa nyumba, naye anataka chake. Dai karatasi yenye sahihi.

Halafu hujatuambia bibi yako anafanya nini, na kwangu hilo ndilo swali kubwa. Kama anauza unga au vitenge soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ana wateja wanaomjua, ana mahali anapokopeshwa mali, ana likelemba, mchango wa kupokezana pesa kwa zamu. Vitu hivyo havipakiwi kwenye gari. Akiondoka kabla ya zamu yake, pesa aliyotoa ataifuata kwa nani? Nyumbani kwangu, miezi ambayo mizigo ilikuwa michache, biashara ya mke wangu ndiyo iliyolipa shule. Mshahara wako mpya ukiwa mkubwa kwenye karatasi, toa kwanza kile atakachopoteza mama watoto, ndipo uuone ukubwa wake wa kweli. Na mketi naye mhesabu pamoja, usimpelekee uamuzi uliokwisha kupikwa.

Sisi tulifanya hivi: nilipanga chumba kimoja kule, pamoja na kijana mwingine wa kazi, nikawa napanda Lubumbashi mwisho wa juma. Ni upweke, na bukari (ugali) ya kujipikia haina ladha, lakini hasara ni ndogo. Mkataba ulipothibitishwa tulingoja shule zifungwe, naye akamaliza likelemba yake, ndipo tukahama.

Jambo la mwisho, kabla hujatia sahihi: angalia mkataba unaandika umeajiriwa wapi. Mtu aliyeajiriwa nje ya mahali pa kazi, kanuni ya kazi inamtaka mwajiri ampe nyumba, au indemnite, yaani pesa ya nyumba. Wakiandika Kasumbalesa wakati wamekuchukua Lubumbashi, uliza kwa heshima, sasa hivi, wakati bado wanakuhitaji.