Anashika krayoni kama mchi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ametimiza miaka minne mwezi uliopita na yuko chekechea. Juzi alirudi na picha ya jogoo ambayo rangi nyekundu imevuka mistari kila upande, na chini yake imeandikwa kwamba mtoto hana umakini. Nyumbani naona anaikumbatia krayoni kwa vidole vyote kama mtu anayeshika mchi, na baada ya muda mfupi anasema mkono umechoka. Nimemnunulia kitabu kikubwa cha kupaka rangi na penseli za rangi 24, lakini havigusi. Je, nimlazimishe?
Mama mzazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Usimlazimishe, na jogoo huyo asikunyime usingizi. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane, lakini kwa mtoto wa umri wa mwanao ni mitatu au minne hivi tu iliyoanza kugeuka mfupa, na iliyobaki bado ni gegedu laini. Mkono wa namna hiyo ukitakiwa kufuata ukingo wa kila unyoya wa jogoo huchoka upesi, hata mwenye mkono akiwa makini kama fundi saa.

Namna ya kushika nayo ina hatua zake. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kwa ngumi na kuusukuma mkono wote kutoka begani. Kati ya miaka miwili na mitatu vidole huanza kunyooka kuelekea karatasi. Na kuanzia miaka mitatu na nusu hivi, kidole gumba, cha shahada na cha kati huanza kubeba kazi pamoja, ingawa kwanza ni kiganja kinachosogea, na vidole vyenyewe huja kuchezesha kalamu baadaye, mara nyingi katika mwaka wa tano au wa sita. Mwanao amechelewa kidogo tu katika safari hiyo, na yapo mambo ya kumsaidia ambayo hayahitaji kitabu kipya.

Chukua krayoni ya nta uivunje vipande vya kama sentimita tatu. Mpe kimoja, kisha mtazame bila kusema neno: kwa kuwa ngumi haina pa kukamata, ncha za vidole vitatu hukibana zenyewe, na viwili vya mwisho hujikunja kiganjani. Najua wazazi wengi huona huo ni uharibifu wa mali, lakini kwangu krayoni ndefu inapendeza ikiwa dukani tu. Tena nta ina faida nyingine, kwamba haitoi rangi ya kukoza mpaka ikandamizwe, na kukandamiza huko ndiko kunakojenga misuli. Maka peni huteleza tu juu ya karatasi, ndiyo maana watoto huipenda.

Kisha bandika karatasi ukutani, usawa wa macho yake. Anapopaka akiwa amesimama, kifundo hukunjika kwa nyuma na kidole gumba hupata nafasi ya kufanya kazi, huku bega likijifunza kutulia. Chaki kwenye saruji ya ukuta wa uani inafaa vilevile. Kitabu ulichonunua kiweke kando kwanza, kwa sababu picha zenye vijisehemu vingi ni za watoto wakubwa. Mchoree wewe embe moja kubwa, gundisha uzi wa sufi juu ya mstari wake, naye atasikia krayoni ikigota kwenye uzi kabla jicho halijamwambia asimame. Dakika tano hadi kumi zinatosha, na akichoka mpe donge la unga wa chapati alifinyange.

Mwalimu wake mwonyeshe vipande hivyo, kwani huenda darasani krayoni zote ni ndefu. Lakini ukiona mkono mmoja hautumiki kabisa, au hata kijiko kinamshinda, mpeleke hospitali kwa wataalamu wa utengamao, yaani wanaosaidia viungo vya mwili kufanya kazi vizuri.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka mitatu hupaka rangi kwa mkono wa kushoto, na siku nyingine kwa wa kulia. Je, tumzoeshe wa kulia mapema?
Babu, Tanga

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kubadilisha mikono katika umri huo ni kawaida, na kwa watoto wengi mkono mmoja hutawala kabisa wakifikia miaka mitano au sita. Krayoni iwekwe katikati, mbele ya kifua chake, naye achague mwenyewe. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu ambayo mnaweza kumfundisha mkekani bila kuigusa krayoni. Akishatulia kwenye wa kushoto, mwombeeni shuleni akae upande wa kushoto wa dawati, kiwiko chake kisigongane na cha jirani.