Mbio za GPS milimani: tembelea vituo mwenyewe kwanza

Mkuu mleta uzi, unataka kuandaa mbio za GPS, yaani timu kutafuta vituo porini kwa kifaa kinachoonyesha mahali ulipo, na umeuliza kama GPS nne za mkononi zinatosha watu kumi na wawili, na upangaji unaanzia wapi. Zinatosha. Timu nne za watu watatu: mmoja ashike GPS, mmoja ramani ya karatasi, wa tatu aangalie saa na asimamie maji. Kuhusu pa kuanzia, ngoja nikusimulie nilivyoanza vibaya.

Mara ya kwanza tulifanyia Lushoto, kwenye milima ya Usambara, upande wa Irente. Mwandaaji nilikuwa mimi, na kwa uvivu wangu nilijifungia Tanga mjini na ramani ya zamani ya 1:50,000 (sentimita moja ni nusu kilomita), nikachagua vituo kwa penseli, nikasoma kodineti, yaani namba za mahali kilipo kila kituo, na kuziingiza kwenye vifaa. Alama sikuweka. Niliwaambia wapige picha ya kile kilichochorwa pale: daraja, njia panda, kanisa. Siku ya siku, simu zikaanza kumiminika. Kifaa kinasema mmefika, daraja halipo. Timu moja ilisimama katikati ya shamba la kabichi, mwenye shamba akawauliza kwa upole kama wamepotelewa na ng'ombe.

Kosa lilikuwa pembezoni mwa ramani, kwa maandishi madogo: Arc 1960. Huo ni mfumo wa zamani wa kupimia mahali, uliotumika kuchora ramani hiyo; GPS zetu zilikuwa kwenye mfumo mwingine, WGS 84. Kwa huku kwetu mifumo hiyo miwili inapishana kama mita 300, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kaskazini-kusini, kwa hiyo wote walikuwa wakitafuta kaskazini mwa kituo. Kwenye tambarare ungeangaza macho ukakiona. Usambara, mita 300 ni ng'ambo ya bonde.

Basi kabla ya kuondoka, kaeni mezani mfungue mipangilio ya vifaa vyote vinne, visome mfumo mmoja na mtindo mmoja wa kodineti. Mimi napenda UTM, mtindo unaogawa dunia kwa kanda na kutaja mahali kwa mita (Lushoto ni kanda ya 37 kusini), kwa sababu unahesabu mita moja kwa moja. Digrii zina mtego: 4°30′ (digrii 4 na dakika 30, yaani nusu digrii) ni 4.5, na mtu akiingiza 4.30 ameshakosea kilomita 22.

Mara ya pili nilitembea mwenyewe siku mbili. Kila kituo niliweka GPS juu ya jiwe, nikaiacha dakika kadhaa itulie ndipo nikahifadhi. Chini ya miti mikubwa ya msitu wa Magamba usomaji ulikuwa unahamahama hata baada ya hapo, kwa hiyo kituo cha msituni kiwe kitu kinachoonekana, kama kisiki kikubwa au jiwe la mpaka, na swali ambalo jibu lake lipo hapo tu. Vitambaa vyekundu nilivyofunga viliishia kwa watoto wachunga mbuzi. Siwalaumu, vilikuwa vizuri.

Utamu wenyewe ni huu: mshale wa GPS haujui korongo. Unakuonyesha mita 600 mbele, wakati njia ya kweli inazunguka kilima kilomita mbili. Weka vituo viwili vitatu vya namna hiyo makusudi. Anayefuata mshale ataning'inia kwenye magugu, anayesoma ramani atapita kwenye njia ya wanakijiji akiimba.

Msishindane kwa kuwahi, watu watakimbia kwenye miteremko wavunjike miguu. Fuateni mtindo wa rogaine, ulioanzia Australia mwaka 1976: muda maalumu, sisi tulitumia masaa manne, na kila timu ijichagulie vituo. Cha karibu pointi 20, cha mbali 60, kila dakika ya kuchelewa kurudi inakata 10. Utashangaa mabishano yatakayozuka pale mwanzo, ramani ikiwa chini na kila mtu ana njia yake!

Ofisi ya kijiji pitieni mapema mjieleze, na msitu wa hifadhi una kibali na kiingilio chake. Betri za akiba ni jukumu la kila timu. Kwenye msitu mzito msitegemee mtandao wa simu, hivyo semeni kabisa ni saa ngapi msako unaanza kama timu haijarudi.

Mnafanyia wapi, na mwezi gani? Kama ni Aprili huko milimani, sogezeni hadi Julai. Ule udongo mwekundu ukilowa, hata wenyeji wanashuka kwa makalio.