Majimaji kwa krayoni: jibu langu kwa dada aliyeniomba PDF

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji kanitumia meseji, ana watoto wawili wa shule ya msingi, anataka wajue jinsi wazee wetu walivyopigania uhuru lakini kila akianza kuwasimulia wanaomba simu. "Nasikia unachora karatasi za kupaka rangi za mashujaa, naomba PDF basi dada." Nikamwambia subiri, maana PDF peke yake itaishia kufungia vitumbua, na nikianza kukueleza kwenye meseji ntaandika mpaka kesho. Kwa hiyo naandika hapa, na nyie wengine mnaoulizaga hilohilo msome.

Mimi ualimu sijasomea. Nachora tu. Jumamosi watoto wa mtaani kwetu hapa Tandika wanajaa barazani kwangu, siku nyingine mkeka hautoshi, wengine wanalala kifudifudi kwenye sakafu na krayoni zao. Zamani nilikuwa nawapa samaki, maua, daladala, vitu vya kawaida. Kilichonibadilisha ni mwanangu mkubwa. Kaja na homuweki ya sababu za vita vya Majimaji, vile vya wazee wetu kumpinga Mjerumani, akanitajia kwa mfululizo bila kupumua, kodi, kazi za lazima, kilimo cha pamba, kama konda anayetaja vituo. Nikamuuliza haya, pamba ni nini? Akaniambia ile ya kusafishia masikio.

Nilicheka lakini iliniuma. Usiku uleule nikachora shamba la pamba.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi yake, maana hapa ndipo somo lote lilipo. Nimewachorea shamba kubwa, vitumba vimepasuka, na watu watatu pembeni wameinama wanang'oa miche. Wameanza vizuri, ardhi kahawia, majani kijani, halafu katoto kamoja ka jirani kakaniuliza, "Shangazi, pamba naipaka rangi gani?" Nikamwambia pamba nyeupe, iache hivyohivyo. Akaangalia karatasi yake, nusu nzima haina kazi. Akasema, "Sasa mbona shamba lote pamba? Mahindi yako wapi?"

Jamani! Mimi hata sikuwa nimepanga. Nikakaa chini nikawaambia hilo swali lako ndilo waliloliuliza wenyewe. Kuanzia 1902 serikali ya Mjerumani ililazimisha watu wa kusini walime pamba kwenye mashamba ya pamoja, unaenda kulima ya serikali huku ya kwako nyumbani yanaota majani, na malipo yenyewe kiduchu mno. Basi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakaenda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche kadhaa. Miche tu! Na kila mtu alijua hiyo maana yake ni vita. Watoto walipenda sana hiyo ya kung'oa, mmoja akaanza kuigiza pale pale na majani yangu ya mchaichai, nikamfukuza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndio mkubwa: usianze na sura ya shujaa. Watu wengi wakichora mashujaa wanachora kichwa na mabega, mtoto anapaka kahawia, amemaliza, anaenda kucheza. Chora kitu. Chora kile kitu kilicholeta ugomvi, au kitu alichoshika mkononi. Kitu kina rangi ya kuuliza, na mtoto akiuliza rangi tayari umeshampata.

Kinjekitile wa Ngarambe, yule mganga aliyewagawia watu maji ya dawa ya kugeuza risasi iwe maji, kwa mfano mimi namchora kwa nyuma, sura yake simbunii. Kinachoonekana ni mkono na kibuyu, na mbele watu wamepanga foleni. Wanapaka maji ya bluu (mimi nimewaachia, maji ya watoto ni bluu daima) halafu nawaambia mle ndani mlichanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama. Hapo hakuna anayeomba simu. Swali linakuja lenyewe, "Yalifanya kazi?" Nawajibu hapana, risasi haikugeuka maji, watu walikufa wengi. "Kwa hiyo aliwadanganya?" Hili msilikimbie wazazi, na msitoe jibu la mkato. Mimi huwaambia kwamba Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, ila yale maji yaliwafanya wasimame upande mmoja, na Kinjekitile mwenyewe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita ndio kwanza vinaanza, na watu waliendelea kupigana mpaka 1907. Mtu aliyenyongwa mapema hivyo halafu jambo lake likaendelea, mtoto anaelewa kuna kitu zaidi ya dawa.

Mnaniuliza sana kuhusu vifo. Mimi sichori maiti wala kitanzi. Lakini sifichi. Wajerumani walichoma mashamba na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Hiyo nimeichora kama kihenge kitupu, mlango wazi, ndani hamna kitu. Watoto wakubwa wanaipaka taratibu sana. Mdogo mmoja alijaza humo ndani mahindi ya njano kwa nguvu zake zote mpaka krayoni ikakatika, nikamwacha, ningemwambia nini?

Anayependwa kuliko wote hata hivyo si Mtanzania, ni Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama wa upande wa Kilifi, Kenya. Inasimuliwa kwamba 1913 Waingereza walipotaka kuwachukua vijana wao, alikuja mkutanoni na kuku na vifaranga, akamwambia yule bwana mkubwa chukua kifaranga kimoja uone, kuku akamdonoa. Wakamkamata wakampeleka Kisii, mbali kabisa upande wa pili wa nchi, akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Kuku niliyemchora ni kuku wangu mwenyewe wa uani, ana mkia uliopinda kushoto tangu alipobanwa na mlango.

Na huo mkia ndio ulionisaidia kugundua. Kuna shule moja, siitaji, niliwapelekea karatasi zangu bure kabisa, nimezitolea fotokopi kwa hela yangu, nikaambiwa pale ofisini mbele za watu kwamba hii ni siasa, watoto wadogo wape maua. Sawa, nikabeba bahasha yangu. Baadaye naalikwa na rafiki kwenye siku ya wazazi hapohapo, ukutani naona kuku. Mkia umepinda kushoto. Jina langu chini limekatwa na mkasi, unaona kabisa karatasi fupi upande mmoja. Sikusema kitu siku ile, ila mpaka leo nikikumbuka naona kifua kinapanda.

Na nyie wazazi msijifanye mko nje ya hili. Hela ya kumprintia mtoto vikatuni vya intaneti rimu nzima mnayo, anajua majina ya mbwa wa Ulaya, ila daladala inapita barabara ya Bibi Titi Mohammed kila siku na mtoto hajui huyo bibi ni nani. Alikuwa mwimbaji wa ngoma hapahapa Dar, TANU, kile chama cha kudai uhuru, kilipoanzishwa 1954 akaingia na kuwavuta wanawake kwa maelfu, wanawake! Na wewe mama unayesoma hapa humwambii bintiye mtu wala wako. Shule itafundisha, shule itafundisha. Shule niliyoiona mimi inakata jina la mtu kwa mkasi.

Haya, dada yangu wa PDF. Ongea wakati wanapaka, si kabla, kabla hawasikii. Usimsahihishe rangi, kuna aliyempaka Mjerumani zambarau na stori ilienda vizuri tu. Karatasi moja kwa siku inatosha, chora kitu si sura, nimeshasema. Nakutumia tatu, pamba, kibuyu na kuku. Steshenari waambie watoe upande mmoja tu, maana ukitoa pande zote mbili na watoto wana kalamu za maji wino unapita, kuku anatokea katikati ya pamba. Ya Bibi Titi bado, nimekwama kwenye khanga, wale watoto watataka kila ua lionekane na mimi macho yangu usiku si ya kuaminika tena.