Jibu: Usisaini mkopo wa kuziba pengo la mwezi

Usisaini. Kabla wengine hawajakujibu kuhusu shule za watoto na gari, naomba uiweke kando hiyo kalamu, mdogo wangu, hadi umalize kusoma hapa. Unasema wewe na mumeo mnafanya kazi, mishahara yenu haifiki tena mwisho wa mwezi, mmejikuta na madeni madogo madogo ya kujikimu, na sasa umeahidiwa mkopo wa miaka 3 utakaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara wako, ili mlipe madeni yote kwa mkupuo na kinachobaki kiwasaidie kupumua. Umeuliza pia kama mhamishe watoto shule, kama muuze gari, na kama utafute kazi ya jioni. Halafu mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, umeandika kwamba Ijumaa unakwenda kusaini, na kwamba afisa mikopo amekuhakikishia makato ni madogo kiasi kwamba hutayahisi.

Sentensi hiyo naijua neno kwa neno, kwa sababu mimi na mume wangu tuliambiwa hivyo hivyo, tukachukua mkopo wa namna hiyo hiyo kwa sababu hizo hizo, na nyumba yetu ilichukua muda mrefu sana kusimama tena. Kwa hiyo yapo mengi umeuliza ambayo sitayagusa. Nitakuambia hili moja: pengo linalorudi kila mwezi halizibwi kwa mkopo. Mkopo unaweza kulipia jambo lililotokea mara moja likaisha, kama matibabu ya dharura, au kununua chombo kitakachoingiza fedha. Lakini pengo kati ya mapato na matumizi litarudi mwezi ujao na mwezi utakaofuata, na safari hii litarudi likiwa limeandamana na makato.

Tupige hesabu, kwa sababu maneno matupu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Tuseme mapato yenu ya mwezi ni 100 na matumizi ni 108. Katika hiyo 108, tuseme 10 ni marejesho ya madeni madogo, na madeni hayo yote yakijumlishwa yanafika 100. Sasa unachukua mkopo wa 300, yaani sawa na mapato ya miezi mitatu, kwa miaka 3, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa juu ya mkopo wote. Riba ya miaka mitatu ni 162, jumla ya kurejesha ni 462, na makato ya kila mwezi ni karibu 12.8. Umelipa madeni madogo, kwa hiyo matumizi yameshuka hadi 98, lakini makato yameongezeka, na pengo lako ambalo lilikuwa 8 sasa ni karibu 11. Hulihisi, afisa alisema kweli, kwa sababu una 200 zilizobaki mkononi na kila mwezi unachota humo kidogo kidogo ukidhani maisha yamenyooka.

Endelea mwaka wa pili. Bei zikipanda kwa asilimia 6 na mshahara ukabaki pale pale, matumizi ya 98 yanakuwa karibu 104, na pengo linafika karibu 17 kwa mwezi. Zile 200 zinaisha baada ya mwezi wa 16. Makato hayaishi hadi mwezi wa 36. Kwa miezi 20 utakuwa na pengo lililo zaidi ya mara mbili ya lile lililokufanya ukakope, huku mkononi huna kitu. Na hapa ndipo ninapoomba usome polepole: yale madeni madogo, kwa marejesho ya 10 kwa mwezi, yangekuwa yamekwisha ndani ya mwaka mmoja, na pengo la mwaka wa pili, pamoja na bei kupanda, lingekuwa karibu 4 tu. Ulichofanya ni kuligeuza deni la mwaka mmoja kuwa deni la miaka mitatu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sisi tulikuja kuyaelewa maneno hayo tukiwa tunatazama slipu ya mshahara ambayo mstari wa makato ulikuwa mrefu kuliko mstari wa kilichobaki.

Sasa nizungumze kuhusu riba yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo tulipopotoshwa waziwazi. Afisa wetu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mtu wa familia, na fomu yake ilikuwa na kurasa nyingi ambazo alizifunua haraka hadi mahali pa saini, akaweka kidole pale, akageuza kalamu upande wangu. Nilimuuliza riba ni kiasi gani. Akajibu, "Ni asilimia 18 tu kwa mwaka." Hakusema ni asilimia 18 ya nini, nami sikujua kwamba swali hilo lipo. Zipo namna mbili za kukokotoa. Moja inahesabu riba juu ya salio lililobaki, ambalo hupungua kila unaporejesha. Nyingine inahesabu riba juu ya mkopo wote wa mwanzo, hadi mwezi wa mwisho, kana kwamba hujawahi kurejesha hata senti.

Chukua mfano mfupi wa mwaka mmoja. Unakopa 1,200 kwa asilimia 18. Ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, unarejesha karibu 110 kila mwezi, na riba yote ni karibu 120. Ikikokotolewa juu ya mkopo wote, riba ni 216 na unarejesha 118 kila mwezi. Kwa mwezi tofauti ni 8, ndiyo maana huihisi. Lakini ukitaka kujua riba ya kweli ya huo mkopo wa pili, yaani ile ambayo ingekuwa inatozwa kwenye salio unalodaiwa hasa, ni karibu asilimia 32 kwa mwaka. Ongeza na ada ya kushughulikia mkopo ya asilimia 5, ambayo hukatwa kabla fedha hazijakufikia, ili upokee 1,140 lakini ulipe kana kwamba ulipokea 1,200, na riba ya kweli inafika karibu asilimia 42. Hiyo ndiyo "asilimia 18 tu" aliyonitamkia yule bwana akitabasamu. Bado sijataja bima ya mkopo, ambayo kwenye fomu yetu ilikuwa na safu yake ndogo pembeni, na ambayo niliigundua nikiwa nyumbani baada ya kuona kwamba fedha zilizoingia hazilingani na zile tulizokubaliana.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba alikuwa na idadi ya mikopo aliyotakiwa kuifikisha kila mwezi. Siwezi kumlaumu mtu kwa kuwa na kazi, kila mmoja wetu anatafuta riziki, lakini namlaumu kwa moyo wangu wote kwa neno "hutayahisi". Mtu aliyekaa mbele ya mama mwenye watoto, akaiona slipu yake ya mshahara, akajua kwamba theluthi ya mshahara huo tayari ina wenyewe, halafu akamwambia hatayahisi makato, huyo hakukosea hesabu. Alipiga hesabu sawasawa, ila hakuwa anaipigia upande wangu. Mume wangu amepita hapa nyuma yangu akaniambia nipunguze ukali. Nimemjibu kwamba ukali huu ndio niliouhitaji wakati ule, na hakuna aliyenipa.

Na balaa halikuishia kwenye mkopo wa kwanza. Fedha zilipoisha, alinipigia simu yeye mwenyewe, kwa upole ule ule, akasema kwa kuwa nimekuwa mteja mwaminifu naweza kuongezewa mkopo juu ya ule uliokuwepo. Kinachofanyika ni hiki: mkopo mpya unaulipa wa zamani wote, unapewa kilichobaki, na saa ya marejesho inaanza upya kuanzia mwezi wa kwanza. Ada ya kushughulikia inatozwa tena juu ya kiasi chote kipya, pamoja na sehemu ambayo ulishaitozwa ada mara ya kwanza. Ukiwa umebana na mwezi haujafika katikati, unachokiona ni kiasi kitakachoingia kesho asubuhi, basi. Kaya nyingi zenye kazi na mshahara wa uhakika huzama namna hiyo, na uhakika wa mshahara wao ndio unaowafanya wawindwe, kwa sababu makato hukatwa kabla mwenye mshahara hajaugusa na mkopeshaji hana hofu ya kutolipwa.

Jambo jingine ambalo nataka uliondoe moyoni: umeandika kwamba labda ninyi wawili hamjui kupanga matumizi. Sikubaliani nawe. Bei zikipanda asilimia 9 mwaka mmoja, 6 mwaka unaofuata na 4 mwaka wa tatu, kwa jumla zimepanda asilimia 20, kwa sababu kila ongezeko linakaa juu ya lililotangulia. Mshahara ulioongezwa asilimia 3 kila mwaka kwa miaka hiyo umepanda asilimia 9 tu na kidogo. Maana yake kazi ile ile, kwa saa zile zile, inanunua pungufu kwa karibu asilimia 9. Unaposikia mfumuko wa bei umeshuka, usidhani bei zimerudi chini. Zimeendelea kupanda, ila polepole zaidi. Halikuwapata ninyi peke yenu. Fahirisi ya bei za vyakula ya FAO, yaani kipimo cha bei za vyakula duniani cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifikia Machi 2022 kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, mwezi mmoja tu baada ya vita vya Ukraine kuanza, na Shirika la Kazi Duniani liliripoti kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka huo thamani halisi ya mishahara ya mwezi duniani ilishuka kwa asilimia 0.9. Tena kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha inavyokwenda kwenye chakula, jambo ambalo mtakwimu Mjerumani Ernst Engel aliliandika tangu 1857, kwa hiyo chakula kikipanda, mwenye kipato cha chini huumia kupita wastani unaotangazwa. Nakuambia haya kwa sababu aibu ndiyo iliyotusukuma sisi. Tuliona haya kumwambia mtu yeyote kwamba mshahara hautoshi, tukaona afadhali kukopa kimya kimya kuliko kuongea.

Na kuongea ndiko kungetusaidia mapema. Orodhesha wale wote mnaowadai ninyi, hata kama ni vijisenti, na wale wote wanaowadai. Wanaowadai waendee kabla ya tarehe ya kulipa, kwa sababu mtu anayekuja mwenyewe kabla ya siku husikilizwa kwa namna ambayo anayetafutwa baada ya siku hasikilizwi. Omba kugawanyiwa malipo, omba tarehe isogezwe ikae baada ya mshahara, na chochote mtakachokubaliana kiandikwe. Mwenye nyumba wetu, ambaye nilimwogopa kuliko wote, alikubali kupokea kodi ya mwezi kwa mafungu mawili bila kuongeza chochote, na nikajiuliza kwa nini sikumwomba kabla sijaiona ile fomu. Katika madeni hayo madogo, anza kulimaliza lile ambalo riba yake ya kweli ni kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linalokula zaidi kila siku linapobaki.

Upande wa matumizi, usihangaike na vitu vidogo ambavyo watu watakutajia. Kaya hubanwa na vitu vitatu au vinne vikubwa: nyumba, usafiri, ada na chakula. Ukipunguza kimoja kati ya hivyo kwa sehemu ya kumi, umepata zaidi ya ambacho ungekipata kwa kujinyima kila kitu kidogo kwa mwezi mzima. Hapo ndipo swali lako la gari linapoingia: jumlisha mafuta, bima, matengenezo na maegesho ya mwezi, ulinganishe na nauli zenu wawili, na jibu utaliona bila mtu wa jukwaani kukuambia. Gari likiuzwa, fedha zake ziende kwenye yale madeni ya 100, siyo mkononi, na marejesho ya 10 yatakapotoweka utaliona pengo lenu likifungwa bila saini ya mtu yeyote.

Ikiwa baada ya haya yote bado unataka kwenda Ijumaa, nenda, lakini usiende kusaini. Nenda kuomba karatasi. Iandikwe humo kiasi kitakachoingia mkononi mwako baada ya ada na bima, jumla ya fedha zote utakazorejesha hadi mwisho, kama riba inahesabiwa juu ya salio au juu ya mkopo wote, na ukilipa kabla ya muda utapunguziwa kiasi gani. Akikuambia karatasi hiyo hutolewa baada ya kusaini, inuka uondoke. Akikupa, funika jina lako na namba ya ajira, uilete hapa hapa Ijumaa jioni, na mimi nitakaa nawe tuipigie hesabu mstari kwa mstari.