Dawa kwanza, au mafunzo ya tabia?
Dada, umeuliza mwanao wa miaka 8 aanzishiwe dawa za ADHD (hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia) au mafunzo ya tabia, maana mwalimu kasema hatulii darasani. Neno la mwalimu peke yake halitoshi. Daktari hutafuta dalili zilizodumu angalau miezi 6, tena zionekane nyumbani na shuleni. Masikio yamepimwa? Analala vya kutosha? (Mtoto asiyesikia vizuri naye huitwa mtundu.)

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1999 ulifuatilia watoto 579 wenye ADHD kwa miezi 14: dawa iliyosimamiwa kwa karibu ilipunguza dalili zaidi kuliko mafunzo ya tabia pekee, ila waliopata vyote viwili walitumia dozi ndogo zaidi. Kwa hiyo usichague upande bado. Mpeleke apimwe, na ubebe madaftari yake, hasa yenye sentensi zilizoachwa katikati.