Kolekole wanafuata, kisha wanageuka

SWALI: Shikamoo, Mjomba. Nafunga dagaa bandia kwa nywele nyeupe za mbuzi, ndoana namba 2, kuvulia kolekole wanaoingia maji yakijaa. Samaki wanakuja mbio, wanakifikia chambo, kisha wanageuka. Nikikiacha kizame, kinanasa kwenye matumbawe. Mwezi mzima nimepata mmoja tu. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Picha uliyoniletea nimeitazama sana. Hicho chambo kina unene wa kidole gumba, na ugonjwa uko hapo hapo. Punguza nywele. Ukishapunguza, punguza tena.

Mimi nami nilianza kwa kufunga vinene hivyo hivyo, na asubuhi nyingi hapa Kilifi nilirudi mikono mitupu. Siku moja mvuvi wa nyavu alinipa dagaa mcheli watatu, bado wazima. Niliwatia kwenye glasi ya maji ya bahari nikaiweka dirishani. Mpwa wangu, kidole changu kilichoshika glasi kwa nyuma nilikiona kupitia mwilini mwa samaki! Kilichoonekana wazi ni jicho jeusi, tumbo linalometameta na mstari wa fedha ubavuni. Kwingine kote mwanga ulipenya. Tangu siku ile nafunga jicho, mstari na mwanga, basi.

Kwa hiyo bana fungu la nywele kwa vidole: lisizidi unene wa njiti ya kiberiti. Nyuzi za kung'aa tia nne au tano. Ukimaliza, chovya kwenye ndoo ya maji ukivute taratibu. Nywele zikilowa hushikana, na chambo ulichokiona kikavu kuwa kimekondeana mno, majini kinakuwa dagaa kamili.

Hilo la kunasa lilishapatiwa dawa mtoni, mbali na bahari. Mwaka 1987 Mmarekani Bob Clouser alibuni chambo cha kuvulia katika mto Susquehanna, Pennsylvania, na leo wavuvi wa baharini wanakitumia kila upande. Siri yake ni macho mazito ya risasi yanayofungwa juu ya shina la ndoana, nyuma kidogo ya tundu la kufungia nailoni. Uzito ukiwa juu, ndoana inapinduka majini na ncha inaelekea mbinguni, haikwangui mwamba. Nywele nyeupe zifunge upande ule ule wa macho, maana hapo ndipo patakapokuwa tumbo. Kisha geuza ndoana, ufunge nywele za kijani au kijivu upande wa ncha: huo ndio mgongo, nao unaificha ncha. Wengi huanza na mgongo, wakapata samaki anayeogelea chali. Matumbawe bado yatakula viwili vitatu, lakini si kama sasa.

Fundo la nailoni usilikaze hadi kwenye tundu la ndoana. Acha kitanzi kidogo, kichwa kicheze. Ukivulia tangesi, yule samaki mwenye meno makali, weka kipande kifupi cha waya mbele ya chambo, la sivyo meno yake yatakata kila kitu.

Sasa kuvuta. Kolekole anapotokea nyuma ya chambo, wengi tunashtuka na mkono unasimama. Nadhani nawe unafanya hivyo, maana umesema wanageuka wakishakifikia. Fanya kinyume: vuta mshipi haraka zaidi, mivuto mirefu, kama dagaa aliyemwona adui. Akiuma, usiinue rodi. Vuta mshipi kwa mkono, moja kwa moja, mpaka uhisi uzito wake. Ukiinua rodi mapema unamnyang'anya chambo mdomoni, ila ukivuta mshipi naye akakosa, chambo kinabaki mbele yake na huenda akarudi.

Vile vinene ulivyokwisha kufunga usivitupe. Chukua mkasi na ndoo, punguza kimoja kimoja hadi uone mwanga wa dirisha ukipita kwenye nywele, ukavijaribu bamvua ijayo, maji yatakapojaa sana.