Jibu: Kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi G, H na T

Mwalimu, umeuliza namna wanafunzi wako wa Ngamiani, Tanga, wanaojiandaa kwa mashindano ya maneno, watakavyopata maneno ya Kiingereza yenye herufi G, H na T bila kupekua kamusi nzima.

Kwanza amueni iwapo herufi hizo zinatakiwa kufuatana au zinaweza kutawanyika popote ndani ya neno, kwa sababu hayo ni maswali mawili tofauti. Zikifuatana kwa mpangilio huo, tafuteni zaidi mwishoni mwa maneno: night, eight, height, caught, thought. Zikitawanyika, uwanja unapanuka sana, na hapo ndipo ningependa vijana watumie muda wao mwingi. Waanze na vipande ambavyo Kiingereza huvirudia mara kwa mara, yaani th, gh na ing. Kitenzi chenye T na H, kikiongezewa ing, huwa jibu tayari; ndiyo maana teach huzaa teaching, na bathe, ikiachia E yake ya mwisho, huzaa bathing. Kisha wageuze mpangilio wapate length, strength, growth, ghost, gather na together.

Ikiwa sharti ni kutumia herufi zote mlizopewa bila kuongeza nyingine, zipangeni kwa mfuatano wa alfabeti. Listen, silent na enlist yote hutoa eilnst, kwa hiyo daftari lililopangwa hivyo huyakusanya maneno ya aina moja mahali pamoja. Programu za kompyuta hutumia mbinu hiyo hiyo, lakini nakusihi vijana waizoee kwanza kwa kalamu.